Kwa vijana wa Lubumbashi mnaojiandaa kwenda Shilatembo tarehe 17 Januari

Wajukuu zangu,

Nimepata habari kwamba mnachanga pesa za kukodi basi ili mwende Shilatembo, mahali walipouawa Lumumba na wenzake wawili, siku ya kumbukumbu ya kifo chao, na karatasi yenye maneno mtakayosoma pale imenifikia. Nimefurahi sana, kwa maana watu wa rika langu tulipita njia ya Likasi miaka na miaka bila kugeuza shingo kuangalia upande ule. Mmeniomba baraka, nami nawapa kwa moyo wote. Hata hivyo, naomba mnisikilize kabla hamjaondoka, kwa sababu yako mambo ambayo nisingependa yakosewe na watoto wa mji huu.

Katika karatasi yenu jina la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo yetu, limeandikwa karibu katika kila mstari, lakini sikuliona jina la Maurice Mpolo wala la Joseph Okito. Watu hawa watatu walipandishwa ndege moja, wakapigwa humo ndani njia nzima, wakateremshwa Luano, uwanja wa ndege wa mji wetu, tarehe 17 Januari 1961, na usiku wa siku hiyo hiyo wakapigwa risasi. Mpolo alikuwa Waziri wa Vijana na Michezo katika serikali ya kwanza ya nchi yetu, kwa hiyo alikuwa waziri wenu ninyi vijana, na Okito alikuwa makamu wa Rais wa Seneti. Miili yao ilifukuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali. Lumumba alibakiwa na jino moja, ambalo polisi mmoja wa Ubelgiji aliondoka nalo akaliweka kwake. Familia ilikabidhiwa jino hilo Brussels tarehe 20 Juni 2022, likapelekwa Sankuru alikozaliwa, likapitishwa Kisangani na Shilatembo, na kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Mpolo na Okito hawana hata hilo jino, na matanga yao hayajaanuliwa hadi leo. Basi tajeni majina yote matatu, kila moja kwa sauti ile ile.

Mmeandika pia kwamba waliuawa na Wazungu. Ni kweli, na Ubelgiji wenyewe hawakanushi tena: tume ya bunge lao ilikiri mwaka 2001 kwamba nchi yao ina dhamana ya kimaadili katika mauaji yale, na mwaka uliofuata serikali yao ikaomba radhi. Lakini mkiishia hapo mtakuwa mmesema nusu. Viongozi wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walioamua wapelekwe huku walikuwa Wakongo, na walijua wanawapeleka mikononi mwa nani. Moïse Tshombe, aliyeongoza serikali ya Katanga yetu iliyokuwa imejitenga na Kongo, na baadhi ya mawaziri wake walikuwepo porini usiku ule, na miongoni mwa walioshika bunduki, chini ya maofisa wa Kibelgiji, walikuwemo askari wa Katanga, vijana wa umri wenu. Ukweli huu unauma, najua, hasa kwa wale ambao babu zao waliitumikia serikali ile, nami siwaambii ili mtafute ukoo wa kuulaumu. Nawaambia kwa sababu maneno yatakayosomwa mahali pale lazima yawe kamili.

Mwezi wa pili mwaka ule redio ilitangaza kwamba mahabusu wale walitoroka wakauawa na wanakijiji. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba. Baba alizima redio, akafunga dirisha ingawa kulikuwa na joto la kabla ya mvua, akatuambia kwamba jina lile lisitamkwe nje ya mlango. Hakuna mtu mzima katika kambi yetu aliyeonekana kuisadiki habari ile, na hakuna aliyeisema vinginevyo. Tulikua hivyo, tukiwa na mauti yaliyotokea kwetu ambayo hayakuwa na mwenyewe.

Naamini kwamba mji usiosema ulichoshuhudia hujizoesha kunyamaza. Mwaka 1992 nilikuwa nafanya kazi Likasi wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai, eneo jirani, walipoanza kufukuzwa, wengi wao wakiwa wazaliwa wa hapa ambao wazee wao waliletwa kuchimba shaba. Jirani yangu mmoja alikuwa fundi cherehani. Aliuza kwanza kitanda, kisha viti, na mwisho cherehani yenyewe, kwa bei isiyofika mfuko wa unga, na mnunuzi alikuwa mtu aliyekuwa akila naye bukari, yaani ugali. Tulibeba mizigo yake pamoja hadi stesheni, ambako familia nyingi zililala chini wiki hadi wiki zikingoja treni, na watoto walikufa pale pale kwa maradhi. Mitaani watu walijua, na walifunga madirisha kama baba yangu, ila safari hii hapakuwa na aliyewalazimisha.

Siku hizi nasikia tena habari za wenyeji na wakuja, sokoni, katika basi, na hata kwa baadhi yenu. Lumumba alipinga kujitenga kwa Katanga kwa sababu aliamini kwamba nchi hii ni moja na kila mwana wake yuko kwao popote alipo. Huwezi kuweka shada la maua Shilatembo asubuhi, kisha jioni ukamuuliza jirani yako atarudi lini kwao. Anayetaka maneno ya namna hiyo asipande basi lenu, na bendera za vyama ziachwe nyumbani.

Nina ombi jingine. Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1961 sasa wamepita 80, na wanaondoka. Kabla ya safari nendeni katika mitaa ya mji wetu ya Kenya, Katuba na Kamalondo, mkawaulize walichosikia na walichokiona, mkiandika au mkiwarekodi kwa simu. Watafuteni pia waliofukuzwa mwaka 1992 kisha wakarudi, mwaulize kwa heshima, na asiyetaka kusema msimlazimishe. Mimi nipo nyumbani kila siku baada ya saa tisa alasiri. Njooni na daftari, na mje na karatasi ile ya hotuba ili tuisome upya pamoja.

Babu yenu,
Katuba, Lubumbashi