Ibn Khaldun hakuwa wakili wa bakora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niijibu barua mliyoichapa hivi karibuni, ambayo mwandishi wake alilalamika kwamba watoto wameharibika tangu walimu waanze kuogopa kushika fimbo, akaongeza kuwa wanazuoni wakubwa wa Kiislamu, akiwamo Ibn Khaldun, yule mwanahistoria wa karne ya 14, waliijua thamani ya bakora. Kuhusu watoto kuharibika sibishani naye. Babu yangu alisema hivyo hivyo juu ya baba yangu. Ninalobishania ni hilo jina.

Katika sehemu ya sita ya Muqaddima, kitabu chake mashuhuri kuhusu historia na jamii, inayozungumzia elimu na namna ya kuifundisha, upo mlango mfupi ambao kichwa chake chajieleza: ukali kwa wanafunzi huwadhuru. Ibn Khaldun anasema anayelelewa kwa mabavu, awe mwanafunzi, mtumwa au mtumishi, nafsi yake hubanwa, uchangamfu ukamtoka na uvivu ukamwingia. Kisha hujifunza kusema uongo na kuonyesha nje kisichomo moyoni, kwa kuuhofia mkono ulio juu yake. Hila hizo zikidumu, ndizo zinazokuwa tabia yake. Wala hakomei darasani. Mtu wa namna hiyo, anasema, hupoteza hata ghera ya kujitetea yeye na nyumba yake, akaishia kuwategemea wengine.

Mara ya kwanza nilipousoma mlango huo nilicheka peke yangu, kwa sababu nilijiona. Chuo cha Qur'ani nilichosomea utotoni kilikuwa na watoto kama thelathini juu ya mkeka na henzirani moja iliyokuwa haipumziki. Haukupita muda nikawa fundi wa kuchezesha midomo. Wenzangu wakisoma kwa sauti, mimi natikisa mwili kwa mbele na kwa nyuma, naidaka ile mikia ya aya tu, kwa nguvu zote, halafu nanyamaza hadi mkia mwingine. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa akinisifu. Juzuu ya Amma niliihifadhi ukubwani, na wala hakuna aliyenishikia kitu.

Nimtendee haki mwandishi mwenzangu: Ibn Khaldun hakuikataa fimbo moja kwa moja. Anamnukuu mwanasheria wa Kiislamu Ibn Abi Zayd wa Qayrawan, katika Tunisia ya leo, aliyesema mwalimu akilazimika kumpiga mtoto asizidishe mapigo matatu. Anataja pia wasia wa khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad kwa mwalimu wa mwanawe al-Amin: isipite saa bila ya kumfaidisha, lakini asimhuzunishe akaiua akili yake, amnyooshe kwa upole kadiri awezavyo, na akishakataa ndipo atumie ukali. Nadhani ndugu yetu aliambiwa hayo maneno ya mwisho tu. Hapa Tanzania kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kwa hiyo Ibn Abi Zayd, aliyefariki mwaka 996, bado anatushinda kwa kiboko kimoja. Na sisi tuliofanya kazi shuleni tunajua hivyo vinne huhesabiwaje.

Lakini fikra hizi Ibn Khaldun hakuzipata kwa kukaa maktaba. Alizaliwa Tunis mwaka 1332. Akiwa kijana wa miaka kama 17, tauni ilimchukua baba, mama na wengi wa walimu wake. Baada ya hapo aliingia katika kazi za watawala, na maisha yake yakawa ya kuhama baraza hadi baraza: Fez, ambako alifungwa karibu miaka miwili, Granada, ambako sultani alimtuma kwa mfalme Pedro kule Sevilla, kisha Bejaia, alikokuwa na cheo kikubwa. Dola ziliinuka na kuanguka mbele ya macho yake, na mara kadhaa nusura zianguke naye. Mwaka 1375 alijitenga katika ngome ya Qal'at Ibn Salama, katika Algeria ya leo, na mwaka 1377 akaiandika Muqaddima kwa muda wa miezi mitano.

Sasa soma anachosema kuhusu ufalme katika kitabu hicho hicho. Mtawala akiwa mkali, wa kupekua makosa ya watu na kuyahesabu moja moja, raia huingiwa na hofu wakajikinga kwa uongo, hila na udanganyifu, mpaka ikawa ndiyo tabia yao. Siku ya vita huenda wakamwacha peke yake. Ni maneno yale yale aliyoyasema kuhusu mwanafunzi. Wengi wanamjua kwa asabiyya, yaani ule mshikamano unaowafanya watu wasimame pamoja na kuipa dola nguvu. Mtu aliyezoeshwa kuficha alichonacho moyoni utamshikamanisha na nani?

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa bakora hawaligusi. Ibn Khaldun aliona kwamba katika miji ya Morocco mwanafunzi alipangiwa miaka 16 ya kukaa madrasa, na Tunis miaka 5, na ile 16 haikumnufaisha zaidi. Sababu aliiona wazi: wanafunzi walikaa vikaoni wamenyamaza, hawaulizi wala hawajadili, wakishughulika na kuhifadhi kuliko inavyohitajika. Kwake yeye elimu ni malaka, weledi unaokomaa kwa kuutumia, kama mkono wa fundi seremala. Akashauri somo lipitiwe mara tatu: kwanza misingi kwa ujumla, kisha maelezo na hitilafu za wanazuoni, mwisho yale magumu yote. Alivilaumu hata vile vitabu vya muhtasari vilivyobana elimu kubwa katika maneno machache ili mtoto avikariri haraka. Mhariri, nimefundisha historia miaka 31, na vijitabu vya maswali na majibu vinauzwa hadi kituo cha daladala. Tulipoona wanafunzi hawaelewi, tuliwachapa. Nasema tuliwachapa kwa sababu nami nilikuwamo.

Simtetei Ibn Khaldun katika kila kitu. Kitabu hicho hicho kina maneno mabaya juu ya watu weusi wa kusini, ya kuwafananisha na wanyama, na hakuna sababu ya sisi kuyapamba au kuruka ukurasa. Cha ajabu ni kwamba papo hapo anawapinga waliodai weusi umetokana na laana iliyompata Hamu mwana wa Nuhu. Anasema rangi ni athari ya joto na hali ya hewa. Aliikataa hadithi ya uongo, na yeye mwenyewe akaandika dharau yake. Ndiyo maana sipendi jina lake litumiwe kama hirizi, la kuvaliwa shingoni bila kufunguliwa.

Nakala yangu ya Muqaddima ipo, imechakaa jalada lakini kurasa zimetimia. Ndugu yetu akifika Tanga aulizie mwalimu mzee wa historia, watamleta mpaka barazani. Mlango wenyewe ni kurasa chache. Tutaumaliza kabla kahawa haijapoa.

Mwalimu mstaafu,
Tanga