Mutuelezee muziki wa Skip Spence, shoka tumeshaisikia

Bwana Muhariri,

Jambo kwenu wote pa redaksio. Nilisoma ukurasa wenu wa muziki wa juma iliyopita juu ya Skip Spence, mwimbaji na mupiga gitare wa rock, na disiki yake Oar, na kwanza nasema aksanti, juu si kila gazeti itakumbuka muzungu mwenye disiki yake ilitoka mu 1969 na inasemwa nakala zenye ziliuzwa hazikufika hata 700 mbele Columbia, kampuni ya disiki, waiondoe kwa soko. Lakini ile makala, munisamehe, nusu yake ni shoka, nusu ingine ni pikipiki na pijama, muziki wenyewe mukauachia mistari mitatu ya chini.

Shoka ni kweli, sikatai. Mu 1968 kikundi chake Moby Grape walikuwa New York wanarekodi, Spence akameza LSD, dawa ya kulevya, akabeba shoka ya wazima-moto akaenda kupasua mulango wa chumba ya hoteli anamutafuta mupiga batri wao, wakamukamata, wakamufunga, kisha hospitali ya Bellevue karibu miezi sita, madaktari wakasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili. Alikuwa na miaka 22. Ile ya kutoka hospitali na pijama mwilini akapanda pikipiki mpaka Nashville, mimi naona inanuka hadisi, lakini inauza, njo maana kila mutu anairudilia.

Chenye kilinichoma ni pale mwandishi wenu anasema eti dawa njo zilimupa kipaji. Zilimupa wapi? Muhesabu miaka tu: mu 1966 alishapiga batri kwa disiki ya kwanza ya kikundi Jefferson Airplane, mu 1967 alishaandika nyimbo za Moby Grape, yote ile mbele ya mambo ya New York. Na Oar aliirekodi December 1968, ameshatoka hospitali, mu studio ya Columbia kule Nashville, siku chache, mashini ya traki tatu, gitare ni yeye, besi ni yeye, batri ni yeye, sauti ni yeye. Produsa David Rubinson aliomba fundi wa studio aache tu bande itembee. Sasa mwenye ameshajaribu kupiga chombo kimoja kimoja juu ya kingine anajua ile kazi, lazima ukumbuke pahali ulivuta mwendo, pahali ulimeza neno, besi yako ikuje kukungojea palepale, na Spence anafika palepale. Kwa wimbo Weighted Down sauti inashuka chini sana, unasema ni muzee wa miaka 70 anaimba, gitare haina haraka hata kidogo, na akinyamaza haogope kunyamaza. Kichwa kimelewa hakiwezi kupanga vile.

Chenye dawa na ugonjwa vilifanya ni kumunyang'anya. Kutoka 1969 mpaka anakufa April 1999, siku mbili mbele ya kutimiza 53, hakutoa tena disiki ya kwake peke yake. Miaka 30 bwana! Alipita mu mahospitali, mu nyumba za kulea wagonjwa, kuna wakati hakuwa hata na pa kulala. (Murekebishe pia, hakufa "kidogo tu kisha disiki kutoka" vile muliandika, na alizaliwa Windsor, Kanada, si California.)

Nasema hii kwa nguvu juu hapa Lubumbashi tunafanya vilevile. Mupiga gitare akianza kusema peke yake, wengine wanasema wamemuloga, wengine ni bangi, anapelekwa chumba ya maombi wanamufunga kamba, na wengine, hawa njo wabaya zaidi kwangu, wanakuja na telefone kumufilme juu eti kichaa ikimupanda njo anapiga muzuri. Kwetu Katuba kulikuwa kijana mumoja, watu walikuwa wanamununulia lutuku, ile pombe kali, kusudi apige "ile ya kichaa", makofi, kucheka, hata mumoja wao hakumununulia kidonge. Dada yake aliuzisha gitare njo akalipa dawa. Sasa akisoma gazeti inasema ugonjwa unaleta kipaji, tumujibu nini ule dada?

Tena masikio ya kusikiliza Oar sisi tuko nayo, hatuna haja ya kuogopeshwa. Mwaka uleule wa 1969 Mwenda wa Bayeke, mupiga gitare wetu wa Katanga, alienda kupiga kwa festivali ya Newport, Marekani, yeye peke yake, na vidole vyake vinafanya kazi ya watu wawili. Hakuna mutu alimwita kichaa juu ya kujitosha.

Kwa wenye wanataka kuisikia: walishaitoa upya mara na mara, mu 1999 wakina Robert Plant, Tom Waits na Beck wakaimba zile nyimbo zake kwa disiki ya kumuheshimu, na mu 2018 kukatoka ingine ya disiki tatu yenye vipande havikusikiwa mbele. Mwenye ana mega kidogo za internet aanze na wimbo Little Hands, ni ya kwanza na ni nyepesi. Grey/Afro aiache kwanza, ni batri na besi na sauti imezama ndani, inapita dakika 9 na itamumalizia forfe. Ila watu wa karindula, ule muziki wa kwetu, nyinyi muanzie palepale.

Musomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi