Barua kwa Salim: joto la ghala la mbata

Kisauni, Mombasa

Yakhe Salim,

Assalaam aleikum. Habari za nyumbani na watoto? Huku sote wazima, alhamdulillahi.

Umeuliza kwa nini magunia ya mbata, yaani nyama ya nazi iliyokaushwa, katikati ya ghala yamepata moto ilhali hakuna aliyewasha kitu, na kama mashine ya kukamua ndiyo yenye kosa. Mashine haimo. Mbata iliingia ghalani haijakauka.

Nyama ya nazi iliyovunjwa sasa hivi ni maji karibu nusu ya uzito wake, na mbata ya kuweka yafaa ishuke hadi asilimia 6. Ikibaki na 10 au 12, ukungu na bakteria huanza kula. Nao wapumua kama sisi: huvuta oksijeni, huvunja sukari na mafuta, hutoa hewa chafu, maji na joto. Gramu 1 ya sukari ikiliwa hivyo hutoa takriban kilojuli 16. Maji yale huilowesha mbata zaidi, wadudu wale wakazidi kuzaana. Joto likifika nyuzi 70 hivi wengi hufa, na hapo ndipo watu hujidanganya kwamba shari imekwisha. Kumbe mafuta yenyewe yashaanza kuungana na oksijeni bila kiumbe chochote, na kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi hiyo huwa karibu maradufu. Moshi hutokea hapo.

Ukubwa wa lundo nao una lake. Lundo la mita 1 kila upande lina mita 6 za mraba za kutolea joto kwa kila mita 1 ya ujazo. La mita 2 lina 3 tu. Kwa hiyo panga safu nyembamba juu ya chanja, mbali na ukuta, upepo upite. Mvua za Mei zikishika pima tena, maana hata mbata kavu hunyonya unyevu.

Kupima, chomeka nondo hadi katikati, iache robo saa, uichomoe. Ukishindwa kuishika, bomoa lundo siku hiyo hiyo: gunia moja moja nje, mpira wa maji tayari, kwani hewa mpya ikifika ndani yaweza kulipuka moto. Na fungua milango yote kwanza, usubiri. Mbata iliyofungiwa humaliza oksijeni ya ghala, na mtu huanguka asijue kilichompata.

Mashine nayo hutoa joto, lakini la kwake. Mota ya kilowati 7.5, karibu nguvu yote inayofika kwenye skrubu huishia kuwa joto la msuguano, na ndilo linalolainisha mafuta yatoke. Mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, hutoka ya moto, basi yatandaze yapoe kabla ya kuyatia guniani. Beringi ikichemka, tazama grisi: theluthi hadi nusu ya nafasi yatosha, ukiijaza hujisaga yenyewe na kupata moto. Mkanda uliokazwa mno pia huiumiza.

Matambara ya mafuta ya nazi hayanitishi sana. Ya simsim, na zaidi ya kitani wanayopakia maseremala, hujipasha yakikunjwa, basi yatie kwenye debe la maji lenye kifuniko.

Niandikie nondo imetoka vipi. Msalimie mama.

Wako,
Hamisi