Binti yangu humwitikia kila mkubwa: nitaijuaje fani anayoitaka?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo, na mume wangu ni mvuvi. Ninakuandikia kuhusu binti yetu mkubwa aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, ambaye matokeo yake yaliyotoka Januari yametufurahisha, na papo hapo yametuingiza katika mjadala ambao hadi leo haujapata mwisho. Amepata daraja la pili kwa pointi 18: B katika Biolojia, Jiografia na Kiswahili; C katika Kemia, Kiingereza, Historia na Uraia; na D katika Fizikia na Hisabati. Kwa alama hizo anaweza kwenda kokote kati ya sehemu tatu tunazozijadili, na hilo ndilo linalotutatiza, kwa sababu kama angekuwa na njia moja tu tungekwisha kumfungia sanduku.

Mjomba wake, yaani kaka yangu mkubwa, anafanya kazi hospitalini jijini Dar es Salaam, na amejitolea kulipa ada yote iwapo mtoto atasoma stashahada ya utabibu. Sifa za kuomba anazo, kwa kuwa fani hiyo hudai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, na D huhesabiwa kuwa ufaulu. Kaka yangu husema kwamba maadamu watu wanaugua, tabibu hatalala njaa. Simbishii, ila hapa mtaani wapo vijana waliohitimu utabibu na bado wanasubiri ajira, na ninafahamu pia kwamba kuwa na sifa za chini si sawa na kupata nafasi, maana waombaji wa vyuo vya afya ni wengi na mwenye D ya Fizikia hushindanishwa na wenzake wenye B.

Baba yake anataka aende kidato cha tano, tahasusi (yaani mchepuo wa masomo matatu) ya CBG, na hoja yake kubwa ni kwamba tangu mwaka 2022 shule za serikali hazitozi ada kwa kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo hatutakuwa na deni la fadhila kwa mtu yeyote. Hoja hiyo ninaiheshimu. Hata hivyo ilinibidi nimweleze kwamba CBG ni Kemia, Biolojia na Jiografia bila Fizikia, hivyo anayeisoma hawezi kutoka hapo akaenda kusomea udaktari wa binadamu, jambo ambalo yeye alikuwa akilitarajia kimyakimya.

Binti mwenyewe anataka Mbegani. Kwa wasomaji wasiopajua, Mbegani ipo hapa hapa wilayani kwetu, upande wa Kaole, na ndipo ilipo kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Wenzake kadhaa wa shuleni wanawania Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambayo ndiyo inayoujulisha mji wetu mbali, lakini yeye ngoma huzitazama tu akipita. Anachokitaka ni uchakataji wa samaki na udhibiti wa ubora wake. Angeanza na astashahada ya awali na kupanda hadi stashahada, kwa takriban miaka mitatu.

Mume wangu aliposikia neno samaki alisema, "Bahari nimeijua mimi, inatosha." Ninaelewa uchungu wa kauli hiyo, kwani mtu aliyekesha baharini miaka yote ili watoto wasome hapendi kuona elimu ikimrudisha mtoto ufukweni. Lakini binti haombi kwenda kuvua. Tangu akiwa kidato cha pili, akifuatana na bibi yake sokoni Jumamosi, amekuwa akiandika katika daftari ni samaki gani wamenadiwa kwa bei nzuri asubuhi na ni wepi wameuzwa kwa bei ya kutupa mchana, nani alikuwa na barafu na nani hakuwa nayo. Siku moja aliniambia, "Mama, wanasingizia jua, lakini samaki huanza kuharibika kwa kushikwashikwa na kurushwa chini." Baadaye akanisomea kwamba jodari na kibua wakikaa katika joto bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini, ambayo ikishakuwepo haiondoki hata samaki akikaangwa mpaka akauke, na ndiyo maana mtu huweza kula samaki aliyeiva vizuri na bado akawashwa mwili mzima. Mimi hufundisha sayansi darasa la sita na sikuwa nalijua hilo.

Nilimkumbusha baba yake kwamba mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Viktoria, viwanda vilivyokuwa na soko vilibaki na sangara wao, na kwamba tangu wakati huo samaki wa kuuzwa nje hawaondoki bila ukaguzi na vipimo, kazi ambayo inataka mtu aliyesomea. Alinyamaza, na sijui kama alikubali au alichoka kunisikiliza.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua kuliko ada na tahasusi. Tumemlea mtoto huyu kwa adabu ya kutowapinga wakubwa. Mjomba akipiga simu kumweleza habari za utabibu, hujibu, "Ndiyo, Mjomba, nitajitahidi." Baba akimweleza habari za kidato cha tano, hujibu, "Sawa, Baba." Usiku tukiwa jikoni ndipo huniambia Mbegani. Kila mmoja wetu, kwa hiyo, anaamini kwamba mtoto yuko upande wake, nami siwezi kuapa kuwa jibu analonipa mimi si adabu ya namna nyingine, kwa kuwa anajua ninafurahi akinieleza mambo ya daftari lake. Isitoshe, mtoto huyu hajaona kazi nyingi. Amekulia kati ya shule na soko la samaki, na mtu huweza kukipenda kitu kwa sababu tu ndicho alichokizoea. Nimefikiri kumwomba kaka yangu ampokee kwa muda ili aione hospitali ilivyo, na kisha nimpeleke Mbegani akaongee na wanaosoma pale, lakini nahofia kwamba akirudi kutoka kwa mjomba wake na kusema hapendi, itaonekana ni mimi niliyemfunza maneno.

Upande wa alama, ninaona kwamba Biolojia na Kemia zinakubaliana na anachokipenda, na Fizikia haimpi nguvu katika anachotakiwa na mjomba wake. Ninajua pia kwamba Mbegani si mwisho wa safari, kwa kuwa mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 anaweza kuomba shahada, na kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Sokoine vina shahada zinazohusu samaki, ambazo pia angezifikia kwa CBG iwapo atafaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla ya pointi zisizopungua 4. Njia ya kidato cha sita ni fupi zaidi kuelekea shahada, lakini akiteleza pale atabaki hana cheti cha kazi mkononi. Muda wa kubadilisha machaguo aliyojaza shuleni katika Selform, yaani fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, ni mfupi, na huko alijaza CBG kwanza kwa sababu baba yake ndiye aliyekaa naye siku ile.

Ninaomba unishauri: mzazi atumie njia gani kumsikia mtoto aliyezoea kuitikia, kabla hajaamua kati ya kidato cha tano na chuo? Na ikiwa itathibitika kwamba ni Mbegani kweli, nimwambieje kaka yangu, ambaye alinisomesha mimi mwenyewe hadi nikapata ualimu, kwamba msaada wake tunauhitaji ila utabibu hatuutaki?

Mama mwalimu,
Dunda, Bagamoyo