Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Watu Wanne Kortini

Ndugu wanachama wa klabu ya tenisi,

Nawasalimu nyote, wa asubuhi na wa jioni, mliolipa ada Januari na mnaosubiri mpaka mhazini awapigie simu. Taarifa ya fedha mmeshaipata na mhazini ataisoma mwenyewe baada yangu, kwa hiyo sitagusa hesabu za mtu. Korti ya pili imezibwa nyufa na kupakwa rangi, neti mpya zimefungwa kote, na taa za korti ya kwanza zinawaka, ingawa kila aliyewahi kuingiza tokeni za umeme wa LUKU pale mlangoni anajua zinakula kiasi gani. Masika yalitukatia ratiba kama kawaida yake hapa Tanga. Vijana wanaotuokotea mipira wameendelea kufundishwa kila Jumamosi kabla ya watu wazima kuingia, na wawili kati yao sasa wanawapa taabu baadhi yenu. Majina hamtayapata kwangu.

Muda uliobaki nautumia kwa lile mliloniagiza. Katika mkutano uliopita mjumbe mmoja alisimama akasema klabuni hapa hakuna mchezo wa wawili wawili, kuna watu wanne wanaocheza mmoja mmoja ndani ya korti moja. Watu walicheka sana, lakini azimio lilipita: kamati itafute namna ya kutufundisha kucheza na mwenza. Leo natoa hesabu ya agizo hilo.

Tulianzia kwa mtu wa kwenye neti, asimame wapi. Wengi tulizoea kuganda pembeni, mguu mmoja karibu na mstari, kwa kuogopa kupitwa. Kupitwa upande ule kunaumiza kwa sababu kila mtu anaona, na mwenzako nyuma anashusha pumzi kwa sauti. Basi kocha alileta futi kamba akatupimia. Neti katikati ina urefu wa sentimita 91. Kwenye nguzo ina sentimita 107. Ile njia ya pembeni inayoongezwa tunapocheza wawili wawili ina upana wa mita 1.37 tu, wakati korti nzima ina mita 10.97. Kwa hiyo anayetaka kukupita pembeni lazima aruke sehemu ndefu ya neti, apige upande ambao korti ni fupi kuliko akipiga mshazari, na mpira utue kwenye kichochoro. Mwache ajaribu. Akifaulu mara mbili katika seti nzima, mpigie makofi uendelee kusimama katikati ya boksi lako la sevu, yaani lile boksi la mbele ambamo mpira wa kuanzisha pointi hutua, kwa sababu mipira mingi itapita hapo. Mtu wa neti asiyepitwa hata mara moja pembeni amesimama mahali pabaya, na mwenzake anafanya kazi ya watu wawili.

Kutoka hapo tukaingia kwenye mpira wa katikati, ambao ndio umetugombanisha miaka yote. Mnaujua. Unapita katikati ya wawili, kila mmoja anamtazama mwenzake, unagonga uzio, kisha wote wawili wanasema "nilidhani wako". Kanuni tuliyoichukua ni hii: mpinzani anapopiga, aliye mbele yake moja kwa moja analinda upande wake, na aliye mshazari naye ndiye mwenye mpira wa katikati. Mkipenda kanuni nyingine, kwa mfano mwenye fohendi, yaani anayeupata upande wa mkono wake wa raketi, auchukue, hakuna atakayewazuia, mradi mmekubaliana kabla ya sevu ya kwanza. Na mtu aseme. "Wangu" lina silabi mbili na halichoshi. Nimeshangaa mwaka huu kuona watu wanaozungumza bila kukoma wakiwa kwenye benchi wanavyokuwa mabubu wakivuka mstari mweupe.

Kuhusu kutembea pamoja nitasema kidogo, kwa kuwa mmekwisha kuchoka kulisikia kwa kocha. Wawili wa upande mmoja wanakwenda kama watu waliobeba kitanda: mmoja akivutwa pembeni, mwingine anasogea upande uleule, wakipanda neti wanapanda wote, na lobu, ule mpira wa juu unaorushwa kupita vichwani, ikiwapita wanarudi wote. Mmoja akibaki nyuma na mwingine mbele, kunakuwa na pengo la mshazari kati yao, na mpinzani mwenye macho atapitisha humo siku nzima. Kwa wengi wetu kupanda wote wawili kunatisha kwa sababu ya lobu. Ni kweli lobu zitakupita. Lakini hesabuni ni lobu ngapi za wenzetu hapa zinatua ndani na ngapi zinakwenda kuwasumbua watengeneza baiskeli nyuma ya ukuta.

Sevu nayo. Nimewatazama vijana wetu wakipiga sevu ya kwanza kwa nguvu zote, inagonga neti, kisha ya pili wanaibembeleza kama inaweza kuvunjika, na mpokeaji anaingia ndani akimlenga mtu wa neti tumboni. Punguzeni nguvu ya kwanza, iingie. Ipigeni katikati, karibu na ule mstari unaogawa maboksi, au mwilini mwa mpokeaji. Mpokeaji aliyesukumwa katikati hana pembe nzuri ya kurudishia, na hapo ndipo mwenzako wa neti anapodandia mpira. Mpokeaji kwa upande wake ana kazi moja kubwa: aurudishe mshazari, chini, miguuni pa anayekuja. Uzuri wa mpira huo hauonekani na mashabiki, ila aliyepigiwa anauona.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona ndilo faida yetu kubwa ya mwaka, na nitalieleza kirefu kwa sababu bado wapo wasioliamini. Korti zetu, kama korti nyingi, zimelazwa kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na jioni lisiwe usoni moja kwa moja. Maana yake kusi inapovuma kuanzia katikati ya mwaka, inapita kwa urefu wa korti, na kaskazi ikija mwisho wa mwaka inarudi kwa njia hiyohiyo. Upande mmoja una upepo mgongoni, mwingine unao usoni, na wote tunalijua hilo kwa kulilalamikia.

Tusichokitumia ni hiki: katika wawili wawili, ndani ya seti moja, kila mchezaji anapiga sevu upande uleule kila zamu yake. Fuatilieni. Tunabadilishana pande baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea. Sevu inazunguka kwa watu wanne, kila mmoja gemu moja. Aliyeanza gemu ya kwanza akiwa kusini atapiga tena gemu ya tano, na atajikuta kusini. Mwenzake anapiga ya tatu na ya saba, zote kaskazini. Hakuna njia ya kubadilisha mpaka seti iishe. Seti mpya ikianza, mnaruhusiwa kupanga upya nani aanze. Kwa hiyo mnapopanga mnachagua nani atakuwa na kusi mgongoni na nani itamkabili. Mwenye sevu laini apewe upepo wa kumsaidia. Mwenye mkono mzito anaweza kuupasua.

Ukiongeza jua, hesabu inakuwa tamu zaidi. Jioni jua liko magharibi. Anayetumia mkono wa kulia akipiga sevu kutoka kaskazini, mwili wake unageukia magharibi na anarusha mpira huku akilitazama jua. Akipiga kutoka kusini, jua liko mgongoni. Mwenye mkono wa kushoto ni kinyume. Klabu ina watumia-kushoto wachache, na tangu kocha aliposema hivi wamekuwa wakitafutwa kama mabibi harusi. Asubuhi geuzeni maelezo yote.

Upepo pia unaamua lobu. Ukiwa upande wa kusini wakati wa kusi, lobu yako inabebwa na kwenda nje, hivyo cheza chini. Ukiwa kaskazini, piga lobu kwa ujasiri na nguvu, upepo utaizuia isipite mstari wa nyuma. Aliye kaskazini akipiga lobu ya woga inasimama hewani katikati ya korti, na mnajua inachofanywa.

Mliokuwepo kwenye fainali yetu ya ndani mliyaona haya yote. Mama zetu wawili, ambao wamekuwa wanachama kabla baadhi yetu hatujajua kushika raketi, dhidi ya vijana wawili wenye sevu za kutisha. Seti ya kwanza ilikwenda kwa vijana. Ya pili akina mama waligeuza mpangilio wao wa sevu, kusi ikawa mgongoni mwa yule mwenye sevu laini, na vijana wakaanza kupiga lobu kutoka kusini ambazo zote zilimalizikia uzioni. Wakawa seti moja moja. Kwa kuwa giza lilikuwa linaingia, waamuzi wakaamua taibreki ya pointi kumi, wa kwanza kufika kumi akiwa mbele kwa mbili, badala ya seti ya tatu.

Akina mama wako nyuma 7–8, zamu yao ya sevu. Aliye kwenye neti anaweka mkono mgongoni, kiganja kimefunguliwa: nitavuka. Sevu inakwenda polepole mwilini mwa kijana. Yeye anamwona mama ameanza kusogea, anaubadilishia mpira pembeni, na unagonga utepe wa neti karibu na nguzo, pale penye sentimita 107. 8–8. Sevu inayofuata, mkono uleule mgongoni, safari hii umefumbwa ngumi. Mama anatikisa bega kana kwamba anavuka, habanduki. Kijana wa pili naye anapiga pembeni, mpira unamkuta mama na raketi yake, voli fupi kabla haujadunda, 9–8. Sevu inahamia kwa vijana. Inakuja kali, mama anaweka raketi tu, mpira unapita chini chini juu ya katikati ya neti, kati ya vijana wawili wenye nguvu za kuchomoa mnazi. Kila mmoja akamtazama mwenzake.

Baada ya mchezo mmoja wao aliniambia walishindwa na bahati. Nilimpa soda.

Wapo waliosema mbinu hizi ni za wazee wasio na miguu. Nawakumbusha Wimbledon ya mwaka 2022. Angella Okutoyi wa Kenya akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili, na Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana la mashindano makubwa manne. Walipoteza seti ya kwanza 3–6, wakashinda ya pili 6–4, na taibreki wakaipata 11–9. Upande wa pili wa neti alikuwepo Victoria Mboko wa Kanada, ambaye mwaka 2025 alichukua taji la Montreal la wakubwa mmoja mmoja. Kortini kuna watu wanne, na mmoja akiwa hodari namna hiyo bado wawili wanaweza kuwapita wawili.

Hilo linanifikisha kwenye malalamiko. Kamati ilipoamua ligi ya msimu wa kusi ichezwe kwa jozi zisizobadilika, nilipokea simu nyingi, nyingine usiku. Wengine walitaka kuendelea kubadilishana kila Jumapili kwa sababu ndivyo tunavyofahamiana, na hoja hiyo naiheshimu. Wengine walisema wamepangiwa mtu dhaifu. Hao nawaambia kwamba kupangiwa mtu dhaifu ni sehemu ya mchezo, na mara nyingi anayelalamika ndiye mwenzake anayelalamikiwa. Mambo niliyoyaeleza hapo juu, ishara ya mkono, nani mwenye mpira wa katikati, nani aanze sevu, hayawezi kukaa kwa watu wanaokutana leo na kuachana leo. Martina Navratilova na Pam Shriver walishinda michezo 109 mfululizo kati ya 1983 na 1985. Mapacha Bob na Mike Bryan, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, wana mataji 16 ya mashindano makubwa pamoja. Sisi hatutafika huko, lakini tunaweza angalau kufika mwezi wa tatu wa ligi na mwenza yuleyule kabla ya kuomba talaka.

Jozi zinapoundwa, neno moja kuhusu pande za kupokea. Mkishachagua, mnakaa nazo seti nzima. Tabia yetu ni kumpeleka mchezaji bora upande wa kulia kwa sababu hapo ndipo gemu inapoanzia. Fikirini tena. Pointi nyingi za kuamua gemu, 40–30, 30–40 na adventeji (mmoja akiwa mbele kwa pointi moja baada ya sare ya 40), huchezwa upande wa kushoto. Mwekeni hapo asiyetetemeka, hata kama si mpigaji mzuri kuliko wote.

Kamati inaleta mapendekezo mawili ili myapigie kura leo. La kwanza, jozi zisizobadilika ziendelee kwenye ligi ya kusi tu, na Jumapili zibaki huru kwa kuchanganyika kama zamani. La pili, michezo yote ya jioni ya ligi itumie taibreki ya pointi kumi badala ya seti ya tatu, utaratibu ambao mashindano ya wawili wawili ya wanaume wa ATP, chama cha wachezaji wa kulipwa, yamekuwa nao tangu 2006. Wenzetu hao waliupitisha kwa sababu zao. Sisi sababu yetu ni LUKU na mbu.

Katibu atahakiki akidi kabla ya kura. Kwa wale wanaodaiwa ada, katiba yetu iko wazi kuhusu nani anapiga kura, na mhazini amekaa pale karibu na mlango na kitabu chake cha risiti.

Wenu katika michezo,

Mwenyekiti