Kishikwambi kimoja kinatosha darasa zima

Mhariri,

Tangu vishikwambi vya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vigawiwe walimu, mjadala umebaki kwenye idadi: shule ipi imepata, ipi bado, na wanafunzi watapata lini vyao. Naomba nafasi nizungumzie kazi isiyosubiri mgao mwingine. Ni hadithi za kidijitali, yaani wanafunzi kutunga kisa, kukisoma kwa sauti zao na kukiunganisha na picha walizochora wenyewe. Kishikwambi cha mwalimu mmoja kinatosha darasa la watoto 60, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya daftari na kalamu.

Wengi hukosea hapohapo. Kifaa huwashwa siku ya kwanza, na kipindi cha dakika 40 kinaishia kwenye kuchagua rangi za maandishi huku mtoto mmoja akikishika na wengine wakichungulia begani kwake. Kianze kisa. Kundi la watoto watano au sita liandike maneno yasiyozidi 160, ambayo mwanafunzi wa darasa la tano huyasoma bila papara kwa takriban dakika mbili. Rasimu ya kwanza itafika maneno 300, na kuipunguza ndilo somo lenyewe la utunzi. Kisha karatasi ya A4 ikunjwe katikati mara tatu ipate vyumba vinane. Kila chumba kiwe na mchoro mdogo na maneno yake kama 20. Kundi lisilo na karatasi hiyo lisikabidhiwe kifaa.

Kinachoharibu hadithi nyingi ni sauti. Madarasa yetu yana bati juu, saruji chini na madirisha wazi, hivyo sauti hugonga kuta na kurudi. Stoo ya vitabu inafaa zaidi, maana rafu zilizojaa hupunguza mwangwi. Kama haipo, tundika kanga au mablanketi nyuma ya msomaji na mbele yake. Washa hali ya ndege (“airplane mode”) ili simu isiingie katikati. Kifaa kikae sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, upande kidogo, la sivyo pumzi ya “p” na “b” itasikika kama kishindo. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha tu.

Rekodi kila chumba cha karatasi peke yake, mafaili nane, na kila moja liwe na sekunde mbili za kimya mwanzoni na mwishoni. Msomaji akijikwaa kwenye cha tano, anarudia cha tano tu. Tumia kinasa sauti cha kifaa chenyewe. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni mgumu kuuhariri na ubora wake umepunguzwa. Kitu kimoja kirekodiwe na darasa zima: “Paukwa!” na “Pakawa!” Kiitikio cha watoto 60 hakiigiziki.

Michoro iwe ya wino au rangi nzito, karatasi ikiwa imelazwa, kwa sababu penseli hufifia kwenye skrini. Ipigwe picha nje kivulini, kifaa kikiwa juu yake sawasawa, bila flashi.

Wakati wa kuhariri kuna mtego. Programu nyingi za kuunganisha sauti na picha kuwa video hazihifadhi picha ndani ya kazi yako. Hukumbuka tu mahali zilipo. Mwalimu akifuta picha ili apate nafasi kabla ya kutoa video kamili, kesho yake atakuta vyumba vyeusi. Toa video kwanza kwa ubora wa 720p, inakili kwenye kadi ya memori, ndipo ufute.

Muziki wa bongofleva usiwekwe, kwani una wenyewe. Ngoma za madawati zinatosha. Na kabla video haijaingia kwenye kundi la wazazi, pata ridhaa yao kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na jina la mtoto ni taarifa binafsi. Michoro ina faida hapa: hakuna sura ya mtoto inayoonekana.

Kuhusu alama, ningetoa 10 kati ya 20 kwa kisa, 6 kwa usomaji, 2 kwa picha na 2 kwa ushirikiano. Wanaozipa picha nusu ya alama zote hupata video nzuri zisizo na hadithi.

Ombi langu kwa halmashauri ni dogo. Zinapopanga bajeti ya vifaa, ziweke spika ndogo moja na kadi mbili za memori kwa kila shule. Sauti ya kishikwambi haifiki dawati la nyuma, na kwa sasa walimu wengi hulazimika kuzungusha hadithi kundi kwa kundi hadi kipindi kinakwisha.

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro