Kitako cha raketi chenye jina lako: hataza inashika wapi

Wateja wanaoagiza vitako vya raketi kwenye karakana yetu hapa Tanga huuliza swali moja kwa namna mbalimbali: "Nikishatengenezewa changu chenye jina na nembo, naweza kukiombea hataza ili mtu asiniige?" Hataza (patent) ni haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wako. Kwa jina na nembo, hapana. Kwa namna kitako kinavyojishika kwenye mpini, au kwa kazi ambayo vitako vingine havifanyi, pengine ndiyo. Ila mlango huo ni mwembamba, na wengi huufunga wenyewe kwa picha moja ya WhatsApp.

Tukisema kitako tuna maana ya ile kofia ya plastiki au mpira iliyo mwisho wa mpini, pale kidole cha mwisho kinapoegemea. Kwenye raketi ya tenisi huwa kipana kuliko mpini wenyewe ili raketi isichoropoke mkononi. Viwandani hubanwa kwa pini za stepla au gundi, kisha kanda ya mpini huanza kuzungushwa hapo kwenda juu. Uso wake bapa hubeba nembo ya mtengenezaji, na vingine vina kijimlango kinachofunguka ili uweke uzito ndani. Kaa na maelezo hayo kichwani, kwa sababu yote yaliyomo tayari ni ya zamani machoni pa sheria.

Sheria inayohusika Tanzania Bara ni Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 217, iliyotungwa mwaka 1987, na ofisi yake ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi, na uweze kutumika viwandani. Hilo la mwisho halimsumbui mtu mwenye kitako. Kuhusu upya, maana yake ni mpya duniani, si mpya Tanga. Katalogi ikiwa ilichapwa Taiwan miaka ishirini iliyopita ikionyesha kitu kama chako, upya umekufa, hata kama Ngamiani nzima hakuna aliyewahi kukiona.

Hatua ya kivumbuzi ndiyo inayoangusha wengi. Swali lake ni hili: fundi wa kawaida wa fani hiyo, akiwekewa mezani yote yaliyokwisha kujulikana, angefika hapo ulipofika bila kuumiza kichwa? Kitako kinajulikana. Kuandika jina juu ya plastiki kunajulikana. Kuchapa kwa printa ya 3D kunajulikana. Ukiviunganisha vyote na kila kimoja kikaendelea na kazi yake ileile, umepata bidhaa nzuri ya kuuza, hujapata uvumbuzi. Marekani wana msimamo mkali zaidi juu ya maandishi: hayahesabiwi katika kupima upya, isipokuwa yana uhusiano wa kikazi na kitu yalipoandikwa. Kuweka "Mwanakombo" badala ya "Juma" hakubadilishi namna kitako kinavyofanya kazi.

Sasa tazama mfano ambao ungeweza kupata nafasi. Kero ya kweli ya kitako chenye jina ni kwamba ukitaka kubadilisha jina lazima ubandue kanda, ung'oe pini, uvue kitako kizima, kisha urudishe kanda upya. Tuseme umekigawa vipande viwili: pete inayobaki chini ya kanda, na kisahani chenye jina kinachoingia kwenye pete na kufungwa kwa robo mzunguko. Hapo bado. Kufunga kwa robo mzunguko kunajulikana tangu enzi za balbu za pini, zile za kusukuma na kuzungusha, na kutumia ufungaji wa balbu kwenye raketi ni jambo ambalo fundi mwingine angelifikia. Lakini ukishakitumia utagundua mtikisiko wa mpira unakifungua kisahani polepole hadi kinadondoka. Kama umeitatua shida hiyo kwa ulimi mdogo kwenye pete, unaosukumwa ndani na mkazo wa kanda yenyewe, hivi kwamba kanda ikikazwa zaidi kisahani nacho kinashikwa zaidi, hapo kuna kitu cha kutetea.

Dai lake, yaani sentensi inayotaja hasa kile unachotaka kilindwe, lingeandikwa hivi: "Kitako cha mpini wa raketi chenye pete inayovishwa mwisho wa mpini na kisahani kinachofungwa kwenye pete hiyo kwa kuzungushwa, ambapo pete ina ulimi unaosukumwa ndani na mkazo wa kanda ya mpini ili kuzuia kisahani kisirudi." Jina la mtu halimo kabisa, wala rangi, wala aina ya plastiki. Ukidai "kitako kinachobadilishwa jina", dai ni pana mno na litaanguka siku ya kwanza. Ukidai "ndimi tatu za TPU ya bluu" (TPU ni plastiki inayonyumbulika kama mpira), mwenzako atatengeneza mbili nyeusi na hutamgusa. (Na huo ulimi, kwa kuwa umeusoma hapa hadharani, tayari si mpya kwa mtu yeyote, sisi wenyewe tukiwemo.)

Kabla ya kulipia chochote, tafuta. Espacenet, Google Patents na PATENTSCOPE, tovuti za kutafutia hataza za dunia, ni bure na zinafunguka hata kwenye simu, ingawa michoro inaonekana vizuri zaidi kwenye kompyuta. Utalazimika kuandika Kiingereza: "butt cap", "end cap", "racket handle". Lakini maneno hupotosha, kwani kila mwandishi wa hataza huita kitu kwa jina lake, kwa hiyo tumia pia namba za makundi ambayo hataza hupangwa kimataifa. A63B 60/16 ndilo kundi la vifuniko vya mipini ya vifaa vya michezo, na A63B 49/08 ni la raketi zenye mpini wa muundo wa pekee. Anza na michoro, maandishi baadaye. Mchoro mmoja unakuambia kwa sekunde tano kile ambacho kurasa kumi zitakuzungusha. Wala usiishie kwenye raketi. Mkaguzi ataangalia magongo ya hoki, gofu, hata vizibo vya usukani wa baiskeli, maana fundi wa raketi angeweza kuchukua wazo huko. Kwa uzoefu wa kazi hii, mawazo mengi hufia kwenye jioni mbili za kutafuta, na hiyo ni nafuu kuliko kufia kwenye ada.

Likibaki hai, nyamaza. Kosa linaloharibu zaidi ni kuonyesha kabla ya kuwasilisha ombi: hali ya WhatsApp, video ya TikTok, meza ya Sabasaba, au kumuuzia rafiki wa klabu vitano "kwa majaribio". Kilichotolewa hadharani kinaweza kutumiwa dhidi yako, na aliyekitoa ni wewe. Ukihitaji kukionyesha kwa fundi, mfadhili au sisi, sainini kwanza karatasi ya kutunza siri, ukurasa mmoja unatosha. Kwenye karatasi hiyohiyo andikeni uvumbuzi ni wa nani. Ukija na wazo la kisahani na fundi wa karakana akabuni ulimi, naye ni mvumbuzi, na lisipoandikwa mapema litakuja kuleta mzozo siku ambayo mzigo umeanza kuuzika.

Ombi lenyewe lina fomu ya maombi, maelezo, madai, michoro pale inapohitajika, na muhtasari. Mfumo wa BRELA wa usajili kwa mtandao unatumia namba ya NIDA, kwa hiyo kabla hujaanza hakikisha jina kwenye kitambulisho linalingana na unaloandika. Ukishawasilisha, una miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine kwa kutumia tarehe ileile ya kwanza. Njia ya kikanda ni ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama. Hataza pia hulipiwa ada kila mwaka, ukiacha, inakufa.

Mipaka nayo ni muhimu kwa watu wa huku. Usajili wa BRELA ni wa Bara, haufiki Unguja na Pemba. Zanzibar wana ofisi yao, BPRA. Na hataza ya Bara haimzuii fundi wa Mombasa kuchapa kitako kilekile na kukiuza kwao. Inampinga pale anapokivusha Horohoro kuja kukiuza huku.

Ukweli ni kwamba wengi wanaouliza hataza wanahitaji kitu kingine. Kama unachouza ni jina na nembo kwenye vitako vya watu wengi, hiyo ni alama ya biashara. Inasajiliwa BRELA, daraja la 28 kwa vifaa vya michezo, inadumu miaka 7 ya mwanzo kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kama ulichobuni ni umbo la kupendeza, mfano kitako chenye umbo la ganda la kombe, hilo ni usanifu wa umbo la bidhaa, na njia yake ya kawaida ni ARIPO. Na kama kuna modeli ndogo ya kikazi isiyofikia hatua ya kivumbuzi, sheria ileile ya hataza ina cheti cha modeli ya matumizi, ambacho kinataka upya lakini hakidai hatua hiyo. Kwa vitako, tungekiangalia hiki kabla ya hataza kamili. Na kama unataka kimoja tu chenye jina lako, cha kuchezea Jumamosi, huhitaji usajili wowote, lipia kitako.

Upande wa pili wa shilingi ni nembo za wengine. Hatuchapi nembo ya Coastal Union, Simba, Yanga wala ya kampuni ya raketi bila barua ya ruhusa, hata kama ni "kimoja tu cha nyumbani". Rangi nyekundu na nyeupe hazina shida. Nembo ina mwenyewe.

Halafu kuna mambo ambayo hataza haiyaoni lakini mkono unayaona. Uzito kwanza. Raketi ya tenisi ya gramu 300 yenye mizani (pale inaposawazika ukiiweka juu ya kidole) kwenye sentimita 32 kutoka kitakoni, ukiiongezea gramu 10 mwishoni kabisa, mizani inashuka hadi karibu sentimita 31, na kichwa kinahisiwa chepesi. Kwenye badminton ni vibaya zaidi: raketi ya gramu 85 yenye mizani sentimita 29.5, ukiiongezea gramu 4 tu, inashuka hadi 28.2 hivi. Kwa hiyo tunapima kitako cha zamani kwa mizani ya vito na kutengeneza kipya kisichozidi hapo, isipokuwa mteja ameomba uzito kwa makusudi. Kanuni za tenisi na badminton zinaruhusu vitu vya kugawa uzito au kuzuia kuchakaa na mtikisiko, vikiwa na ukubwa na mahali pa kiasi. Njuga inayolia kwenye kitako haimo katika orodha hiyo.

Vipimo ndipo oda nyingi zinapokwama. Mpini wa tenisi una pande nane, lakini pande hizo hazilingani, kwa hiyo mzunguko peke yake hautuambii kitu. Bandua sentimita 3 za mwisho za kanda, kisha pima kwa kalipa mara tatu: bapa hadi bapa upande mpana, bapa hadi bapa upande mwembamba, na mshazari. Rula haitoshi, kwa kuwa tunaacha nafasi ya milimita 0.2 tu kila upande. Ikizidi, kitako kinacheza na kanda inakatika pembeni. Ikipungua, plastiki inapasuka siku unapokisukuma.

Herufi pia zina hesabu yake. Eneo la kuandika kwenye kisahani cha badminton lina kipenyo cha milimita 24 hivi. "Mwanakombo" ina herufi 10, yaani milimita 2.4 kwa kila moja ikiandikwa mstari mmoja, na kwa mdomo wa printa wa milimita 0.4 herufi hizo zitatoka kama chapati iliyokunjwa. Zikizungushwa ukingoni, kila moja inapata kama milimita 7, zinasomeka bila shida. Majina mafupi yakae katikati.

Kuhusu malighafi, hatutumii PLA, plastiki ya kawaida ya printa za 3D, kwa vitako ingawa ni rahisi. Huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na raketi iliyoachwa kwenye buti la gari juani Raskazone inaweza kulifikia. TPU inavumilia na haivunjiki ikigonga sakafu. Pini za stepla tumeziacha pia, chumvi ya bahari inazila na kutu inapaka kanda. Tunatumia kanda ya gundi pande mbili chini na tone la gundi kwenye pembe mbili, ili siku ya kubadilisha kiweze kuvuliwa kwa joto la kikausha nywele.

Unapotuma oda, weka vipimo vitatu, uzito wa kitako cha zamani, picha ya mwisho wa mpini ikiwa imebanduliwa kanda, na jina likiwa limeandikwa kama unavyotaka lisomeke, herufi kubwa na ndogo mahali pake. Kama kuna wazo unalodhani ni jipya, usilitume kwenye ujumbe huo. Andika tu "nina kitu cha kujadili", na karatasi ya siri itatangulia.